Nyayo Elfu za Kiboko

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo!"

"Niyajaze?"

"Jaza hadi yamwagike!"

Haya. Uliingia ukame, mito yote ikakauka, likabaki bwawa moja. Kiboko akajibwaga katikati, pwaaa! Akasema, "Langu hili. Anayetaka kunywa akanyage kwanza tope la ukingoni, aache unyayo. Unyayo mmoja, mfuasi mmoja."

Swala akakanyaga, akanywa, akaenda zake. Pundamilia akakanyaga, akanywa, akaenda zake. Kiboko akahesabu, akavimba. "Mia nane! Nani kama mimi?"

Tamaa ikampanda. "Hanywi mtu tena mpaka nyayo zifike elfu!"

Pimbi, kamnyama kadogo ka maweni, alikuwa na watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Akaja ukingoni.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Wewe una wafuasi wangapi?"

"Sina hata mmoja, mzee. Ila nikikuletea hizo mia mbili leo hii, utanipa nini?"

"Leo hii? Chukua upande wote wa mashariki, kwenye maji safi!"

Pimbi akaenda, akamleta Jongoo. Jongoo akapita topeni, tipu tipu tipu tipu. Kiboko akahesabu mpaka ulimi ukamkauka. "Elfu na arobaini! Mimi ndiye mkubwa wa nchi!" Akatoka majini, akalala topeni kuzilinda, asije mtu akazifuta.

Pimbi akawanywesha wanawe, kisha akamnong'oneza Chiriku, "Mashariki kuna maji, hakuna masharti." Chiriku naye hajui kunyamaza, chiri chiri chiri! Mara wanyama wote wakajaa mashariki. Pimbi akasema, "Wadogo kwanza," na wadogo wakatangulia. Hata Nyati akasubiri.

Kiboko akanguruma, "Wafuasi wangu elfu! Mfukuzeni Pimbi!"

Wanyama wakaendelea kunywa.

"Nasema, wafuasi wangu!"

"Nipo, mzee," akaitika Jongoo peke yake, akajikunja, akalala.

Kiboko akazitazama nyayo topeni. Akafikiri, akafikiri tena. Kisha akaanza kuhesabu upya, huenda aliruka mmoja.

Yangu yameishia hapo. Aliyeyapenda ayabebe, aliyeyachoka ayaache.

Na funzo, wanangu? Msiwe kama Pimbi. Mpaka leo hajui ana wafuasi wangapi, na alichoambulia ni maji tu.