Siku Kiboko Alipogeuza Feni

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba, au nimekuja kuwatembelea wagonjwa? Paukwa!

— PAKAWA!

Naituma hadithi!

— Ije!

Imekwama mlangoni, imenenepa!

— Tuivute!

Vuteni, basi. Na yule anayekoroma kule nyuma, mfinyeni.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme wa sola ulikuwa umeshafika hadi vichuguuni na mapangoni, aliishi Kuchakuro. Mnamjua Kuchakuro? Yule mdogo mwenye mkia mrefu, anayesimama wima kama askari wa getini, halafu akisikia kishindo, tumbukwi, shimoni! Huyo huyo. Aliishi kwenye kichuguu ukingoni mwa bwawa, na kazi yake ilikuwa kuchimba njugu za watu. Alichimba za Nyati, akachimba za Ngiri, akachimba za Swala. Jioni walimpa maganda.

Siku moja akazitazama kucha zake. Zimeisha. Akasema, "Jamani, mimi kuchora najua kuliko kuchimba. Nikipata kompyuta nitachora katuni, nami nitakula jasho langu. Sichimbi tena shamba la mtu."

Majirani wakacheka, kwa kwa kwa! "Kuchakuro na kompyuta! Utaitoa wapi?"

"Nitaiunda."

"Utaiunda na nini?"

"Kipande kimoja kimoja."

Akaenda kwa Mzee Nungunungu.

"Hodi, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuchimba?"

"Nimekuja kuomba. Lile kasha la chuma unamowekea vitunguu ni kasha la kompyuta. Nipe, nami nitakuchimbia ghala la vitunguu, kavu, lisiloozesha."

"Chimba kwanza, nione."

Akachimba, chaka chaka chaka! Nungunungu akaona, akaridhika. Kuchakuro akalibeba kasha lake kichwani, linanuka vitunguu vibaya sana, akaenda akiimba. Nanyi mwitikie:

*Kidogo kidogo, napachika changu,*
*— Kidogo kidogo, itawaka yangu!*

Akaenda kwa Kunguru.

"Hodi, kaka. Hicho kinachong'aa kiotani mwako si kito, ni prosesa. Ndiyo akili ya kompyuta. Nipe, nikuletee kioo ujitazame mchana kutwa."

Kunguru alikubali hata Kuchakuro hajamaliza kusema. Akatoa akili, akachukua kioo. Msimcheke, wako wengi.

*Kidogo kidogo, napachika changu,*
*— Kidogo kidogo, itawaka yangu!*

Akaenda kwa Kima. Kima alikuwa na mazabodi, ule ubao wa kijani ambao vipande vyote vya kompyuta hukaa juu yake. Yeye aliufanya sinia la maembe.

"Hodi, shoga. Nipe huo ubao."

"Sitoi."

Kesho yake akarudi. "Hodi, shoga."

"Nimesema sitoi!"

Akarudi tena. Akarudi tena. Kima akipika, Kuchakuro yuko mlangoni. Kima akisuka nywele, Kuchakuro yuko mlangoni. Mwishowe Kima akalitupa sinia uani. "Chukua! Chukua uende, na mimi nipumue!"

Kuchakuro akaokota, akapangusa maji ya maembe, akashukuru. Hivyo hivyo akapata kumbukumbu ya kompyuta, akapata nyaya, akapata skrini iliyopasuka pembeni, akapata feni mbili kwa Popo, ambaye hakuwa na haja nazo kwa vile ana mbawa zake.

Sasa kazi. Akashika bisibisi, krii krii krii, akafunga ubao ndani ya kasha. Akaiweka prosesa, yenye vimiguu kama sindano, mahali pake, taratibu, asije akavunja hata kimoja. Juu yake akadondosha grisi ya kupozea, tone dogo kama punje ya mchele, akabana bamba la chuma la kunyonya joto. Akafunga feni moja mbele na moja nyuma, zote zikivuta upepo ndani, maana alijisemea, upepo mwingi, baridi nyingi. Akawasha.

Tik! Vuuuuu!

Skrini ikang'aa. Kuchakuro akaruka juu kwa furaha. Hajatua chini, mashine ikapata joto, ikapata joto, puu! Zii.

Akawasha tena. Vuuuuu, puu! Zii.

Roho ilimuuma, nisiwafiche. Akainama, akaweka paji la uso juu ya lile kasha la moto. Kisha akahisi kijiupepo mgongoni. Kilitoka kwenye matundu ya chini ya kichuguu, kikapanda, kikatokea juu, na ndani kulikuwa na baridi nzuri kama siku zote. Kuchakuro akajipiga kofi la shavu. "Mjinga mimi! Naishi kwenye nyumba yenye mlango wa kuingilia upepo na mlango wa kutokea, halafu mashine yangu naipa milango ya kuingilia mitupu! Upepo usio na pa kutokea ni mgeni asiyeaga. Atakaa, atakula, atakumaliza."

Akaigeuza feni ya nyuma itoe upepo nje. Krii krii. Akawasha. Vuuuuu! Mashine ikawaka asubuhi, ikawaka mchana, haikuzima. Kuchakuro akaanza kuchora katuni ya mchwa mmoja aliyevuka mto ili amrudie mama yake. Aliwaahidi majirani kuionyesha kwenye pango lao la mikutano siku ya sikukuu ya mavuno. Katuni ikipendwa, kazi itakuja. Isipoonekana, ni kurudi kwenye njugu za Ngiri.

Sikilizeni. Tindi! Tindi! Tindi!

Nani huyo?

— Kiboko!

Ndiye. Kiboko, bwana wa bwawa. Mdomo wake huo, wenzangu, ukifunguka mbu wanafikiri ni pango la kupanga. Na neno lake lilikuwa moja: "Kwangu kitu kikiingia, hakitoki!" Embe la mtu likiviringika mpaka bwawani, lake. Ndoo ya mtu ikisombwa na maji, yake. Kuna kitu kimoja tu alikuwa akikitoa, tena kwa kukitawanya na mkia, lakini hapa kuna watu hawajala, tuache.

"Nini kinanguruma kwenye ukingo wangu?" akauliza Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ni kompyuta yangu."

"Kompyuta ya nani?"

"Yangu. Nimeiunda."

"Ukingo wangu, ardhi yangu, ngurumo yangu. Kompyuta yangu!" Akaona bomba la grisi ya kupozea limebaki na grisi tele, akalikamua lote mdomoni, akalamba midomo. "Na siagi yako mbaya."

Akainyakua mashine na skrini yake na nyaya zake, tindi, tindi, tindi, akaenda zake.

Kuchakuro alilia. Alilia kwa hasira, machozi ya moto, mpaka mkia ukalowa. Kisha akajifuta, akasimama wima. "Kumpiga simwezi. Kumwibia simwezi, analalia vitu vyake. Lakini kuchimba njugu, sichimbi tena. Nitamfuata kwake."

Akaenda bwawani.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Umekuja kuomba nikurudishie? Kwangu kitu kikiingia, hakitoki!"

"Sikuja kwa hilo. Nimekuja kukufundisha mali yako, isije ikaharibika. Ina feni mbili. Ya mbele inaingiza upepo, ya nyuma inautoa. Hiyo ya nyuma usiiguse, na matundu usiyazibe."

Kiboko akainua kichwa. "Inautoa? Upepo wangu?"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Kwenda wapi?"

"Nje tu. Ukipita hapa, unaenda kwa Nyati, unaenda kwa Ngiri, kwa yeyote."

Macho ya Kiboko yakamtoka. "Yaani mimi nimelala hapa, na mali yangu inatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa Nyati?"

"Ni upepo wa joto, hauna faida. Nakwambia kweli tupu: ukiugeuza uingie ndani, mashine itazima."

"Toka hapa! Umenichimbia njia ya kuniibia, halafu unaniambia nisiizibe!"

"Natoka. Ila sikukuu hiyo inakuja, na katuni imo humo ndani. Ukiileta pangoni, nitamwambia Hondohondo, mtangazaji wetu, awatangazie wote mashine ni ya nani."

Kiboko akasogea. Masikio yake madogo yakachezacheza. "Atatangaza kwa sauti?"

"Unamjua Hondohondo."

"Mara moja tu?"

"Mara utakazo wewe."

"Basi ataanza mapema," akasema Kiboko.

Kuchakuro alipotokomea, Kiboko akachukua bisibisi ya mtu iliyowahi kusombwa na maji, akaishika kwa meno. Krii, krii, krii! Feni ya nyuma akaigeuza ndani. Kisha akachota tope la bwawa, pyata! Tundu moja. Pyata! Tundu jingine. Akayaziba yote, akakaa kitako, akacheka. "Nyati atafute upepo wake."

Siku ya sikukuu pango likajaa. Ndani kiza hata mchana, na joto la miili ya watu si la kuelezeka. Mbele kabisa alikaa Nyati na wanawe. Kiboko akaiweka mashine juu ya jiwe, akaketi nyuma yake amevimba kwa sifa. Hondohondo akapanda juu ya mwamba.

"Wanangu! Mashine hii ni ya nani?"

"Ya Kiboko!"

"Sikusikia! Ya nani?"

"YA KIBOKO!"

Kuchakuro alikuwa kona ya nyuma, amebana bisibisi yake kwapani. Tik! Vuuuuu! Skrini ikang'aa, na mchwa wake akaanza kutembea. Watoto wakapiga makofi. Ngiri akacheka mpaka akapaliwa. Kuchakuro alijisikia furaha na uchungu kwa pamoja: kazi yake wanaipenda, na jina linaloitwa si lake. Tena akaingiwa na hofu. Je, kama haitazima? Kama leo itawaka mpaka mwisho, ndiyo imekwenda moja kwa moja.

Mchwa akafika mtoni. Mama yake yuko ng'ambo, anamwita. Mchwa akapanda juu ya jani. Jani likaingia kwenye mkondo. Nyati akaanza kufuta machozi kwa kwato. Jani likayumba, likainama, likaanza kuzama...

Puu! Zii.

Kiza.

"Amezama?" mtoto wa Nyati akauliza. Halafu akaangua kilio, waaa! Na watoto wote wakaangua kilio.

Kiboko akabonyeza kitufe. Vuuu, puu! Akabonyeza tena. Puu! Nyati akasimama, polepole, pembe zikigusa dari.

"Mashine hii ni ya nani?"

Kiboko akaondoa mguu kwenye kitufe.

"Nimeuliza, iliyowaliza wanangu siku ya sikukuu, ni ya nani?"

"Si yangu," akasema Kiboko.

"Bwana Kiboko," akasema Hondohondo, "nimetangaza hapa mpaka koo limekauka."

"Ulikosea wewe! Si yangu!"

"Ya nani, basi?" Nyati akasogea hatua. "Sema wasikie!"

"Ya Kuchakuro!" Kiboko akapaza sauti, jasho likimtiririka. "Haijapata kuwa yangu! Kaiunda yeye, kwa mikono yake, vipande kaviokota mwenyewe, muulizeni Nungunungu, muulizeni Kima! Mimi nilimbebea tu!"

Kuchakuro akasimama wima, kadogo, katikati ya watu.

"Mmesikia nyote?"

"Tumesikia!"

"Ni ya nani?"

"YA KUCHAKURO!"

Akapita katikati yao, akatoa bisibisi. Akabandua tope, tundu baada ya tundu. Krii, krii, krii, akaigeuza feni ya nyuma itoe nje.

"Washa!" watu wakapiga kelele.

"Bado. Inapoa."

"Washa bwana, mchwa anazama!"

"Nimesema bado. Ameningoja siku zote hizi, atangoja kidogo."

Wakangoja. Hata Nyati alingoja. Kisha Kuchakuro akaweka kidole. Tik! Vuuuuu! Jani likazama, mchwa akazama, watoto wakashika vichwa, na mchwa akaibuka ng'ambo, mikononi mwa mama yake. Pango likalipuka kwa vigelegele. Upepo wote wa joto uliotoka kwa mlango wa nyuma ulikuwa ukimpiga Kiboko usoni, na hakuthubutu kuhama, kwa sababu mbele yake alisimama Nyati.

Kesho yake, watu walipiga hodi kichuguuni tangu alfajiri. Huyu anataka picha ya duka lake, yule anataka kadi za harusi. Ngiri naye akaja, amezoea, akaanza kusema, "Kuchakuro, njugu zangu zimekomaa..."

"Hongera," akasema Kuchakuro, akaendelea kuchora.

Hadithi nimeitua hapa, mzigo wenu huo. Ukiupenda, jitwishe uende nao kwenu. Ukiuona mzito, niachie, mgongo wangu umeuzoea.

Mnataka na funzo? Mbona liko wazi. Kuchakuro alimwambia Kiboko kweli tupu, neno kwa neno, na kweli hiyo ndiyo iliyomponza maskini wa watu. Angemdanganya kidogo tu, Kiboko angekuwa na mashine yake mpaka leo. Kwa hiyo, wanangu wazuri, mkikutana na mchoyo, muoneeni huruma: mdanganyeni.