Povu la Sabuni ya Darini

"Brashi husifiwa kwa povu, si kwa manyoya."

Mmeisikia asubuhi hii kwa shangazi yenu, alipokuwa akimkatalia yule fundi wa milango mwenye maneno matamu na misumari ya kupinda. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza brashi imeingiaje kwenye habari za milango. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na hapa Pangani hakuna mwenye haki ya kuisimulia kunizidi mimi, kwa sababu ilianzia kwenye kidevu changu. Atakayenikatiza atapata nusu ya hadithi, nusu nyingine akaitafute mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nywele zangu zote ziko mahali pake, nami nilikuwa nimemposa Mwanatumu, ambaye ndiye bibi yenu. Mtaa wetu ulikuwa na desturi yake siku hizo. Posa ikikubaliwa, mama wa msichana alinunua kipande cha sabuni ya mche, akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka darini, juu ya meko. Kilikaa huko mpaka siku ya harusi, kikikauka kwa joto na moshi. Siku yenyewe ikifika, somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, aliileta sabuni ile kwenye sinia, na bwana harusi akanyolewa kwa sabuni hiyo, si nyingine. Ukitumia nyingine ni kama umesema msichana humtaki. Na wembe haukugusa shavu mpaka povu lijae kikombe na kufurika, wanawake walione kwa macho yao wenyewe na kupiga vigelegele.

Uchumba ukiwa wa miezi mitatu, sabuni hukauka kidogo tu, hakuna tabu. Wangu ulikwenda miaka miwili. Baba mkwe alikuwa mtu wa "tutaangalia baada ya mavuno", mavuno yakipita anasema tungoje mengine. Sabuni yangu iliposhuka darini ungeweza kupigilia msumari nayo.

Aliyekuwa akinyoa mabwana harusi wa mtaa ni Mzee Akida, naye alifariki mwaka huo huo. Aliacha mkoba wa ngozi wenye nyembe zake, na mwana mmoja, Pazi, rafiki yangu tangu tukicheza gololi. Pazi alijua kunyoa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hajawahi kumtoa mtu damu. Lakini wazee hawakumkabidhi mkoba. Mzee Diwani, mkubwa wa mtaa, aliutundika ukutani kwake akasema: Pazi amnyoe kwanza bwana harusi mmoja mbele ya watu. Akifaulu, mkoba wa baba yake ni wake. Akishindwa, utakwenda kwa kinyozi wa kijiji cha Mkwaja, na Pazi atafute kazi nyingine. Maskini Pazi, kila akipita nyumba ile alitafuta sababu ya kubisha hodi ili auone tu mkoba ukutani. Leo anaomba maji, kesho anauliza saa.

Bwana harusi wa kwanza kutokea nikawa mimi.

Wembe aliazimwa. Brashi ndiyo haikuwapo, kwani ile ya marehemu ilikuwa imenyonyoka, ina kipara kuliko wateja wake. Basi tukaenda dukani wawili. Mwenye duka akatuwekea brashi mbili mezani. Ya kwanza nywele zake zilikuwa nene, zimesimama wima. Pazi akaibonyeza kiganjani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Hizi ni nywele za mnyama gani?" Mwenye duka alikuwa mtu mkweli. Akasema za nguruwe. Pazi aliiacha mezani kama imemuuma, akaomba maji anawe. Nami, ambaye sikuigusa kabisa, nikanawa pia.

Ya pili ilikuwa na mpini mweupe na manyoya laini ajabu. Pazi aliipitisha shavuni akafumba macho. Nikaipitisha na mimi, nikaona raha mpaka shingoni. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi akaomba apapaswe kidogo, akasema huo ndio utajiri. "Hii," Pazi akasema, "bwana harusi atasinzia ananyolewa." Akainunua. Kutoka dukani mpaka nyumbani tulisimamishwa kila baada ya hatua tatu, kila mtu anataka kuigusa na kuisifu. Katika mtaa mzima hakuna aliyeuliza brashi ile itafanya nini ikikutana na sabuni. Tuliichagua kama tunachagua mto wa kulalia, wajinga sote, na mimi mbele.

Ijumaa ya harusi ikafika. Ng'ombe wa karamu alichinjwa mapema, masufuria yakapangwa uani. Nami nikaketishwa kwenye kigoda hapo hapo uani, shuka mabegani, uso umeshalowanishwa. Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kwa hiyo kunyoa kulitakiwa kuishe kabla ya adhana. Bi Chausiku, somo wa Mwanatumu, akaweka sinia chini na kufunua kitambaa. Sabuni ilipogusa sinia ililia ka! Watu wakaangua kicheko.

Pazi akachovya brashi yake kwenye maji ya moto, akaanza kuzungusha juu ya sabuni. Brashi ikalala. Akaisimamisha, ikalala upande wa pili. Akaongeza maji, manyoya yakayanywa yote na kutulia yamelewa. Akasugua, akasugua, na kikombeni hakukuwa na kitu ila maji ya rangi ya majivu. Sabuni haikupata hata mkwaruzo.

Kwanza ilikuwa burudani. Wanawake wakaimba kwamba kinyozi anabembeleza na sabuni imelala. Uso wangu ukakauka, ukalowanishwa tena, ukakauka tena. Halafu kicheko kikapungua, na kwa mtu aliye matatani kicheko kikipungua ndipo pabaya. Kinyozi wa Mkwaja alikuwa miongoni mwa waalikwa. Mtu muungwana, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Pazi, mwanangu," Mzee Diwani akasema kwa upole, "adhana iko karibu. Usione haya. Mwenzako yupo hapa."

"Naomba muda kidogo, Mzee."

"Wa kufanya nini?"

Pazi alisimama na brashi yake nzuri inachuruzika maji, macho yamemjaa machozi, nami roho iliniuma kwa ajili yake, nikasahau kwamba harusi ni yangu. Alikuwa akitazama upande wa masufuria. Pale alikaa mama yake mwenyewe, Bi Mosi, aliyeshindwa kuvumilia kutazama mwanawe akiaibika, akajigeuza na kuanza kusugua sufuria kwa kumbi la nazi. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Pazi akamwendea, akachuchumaa.

"Mama, hiyo sabuni gani?"

"Ya mche. Imekauka kama jiwe, wamenipa ya zamani."

"Mbona inakutii?"

"Mwanangu, mimi naisugua. Wewe unaipapasa." Akamwonyesha kumbi. "Kitu kikikubali kulala juu ya sabuni, sabuni nayo italala."

Pazi akalichukua kumbi lile akaligeuza mkononi, kisha akanitazama usoni.

"Pazi!" nikapiga kelele kutoka kwenye kigoda. "Usithubutu!"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Akaangaza huku na huku, na macho yake yakatua kwenye mkia wa ng'ombe uliotundikwa uani ukingoja kutiwa kwenye supu. Akazishika singa, zile nywele ngumu za nchani. Akazikunja kwa kidole, zikajikunjua na kurudi zilivyokuwa. Akazikunja tena, zikarudi tena.

"Huyu tumemchinja wenyewe," akasema. "Hana ubaya."

Akakata singa fungu zima, akazichemsha na kuzisuuza mara tatu. Mama yake akampa kipande cha mwiko uliovunjika kiwe mpini, na uzi wa kushonea magunia. Pazi akafunga, akakaza kwa meno, akakata ncha kwa mkasi mpaka zikabaki fupi, urefu wa pingili mbili za kidole. Aliporudi nayo uani, watu walishikana mabega kwa kucheka. Ilikuwa imekaa upande, na singa moja ndefu imesahauliwa katikati.

"Brashi hiyo," Bi Chausiku akauliza, "au panya aliyekufa?"

"Pazi," nikasema, "mimi nina uso mmoja tu."

"Niamini, Mbwana."

Sitawaambia kwamba nilimwamini. Niliinua kidevu tu, kwa sababu nilimpenda.

Akachovya brashi, akaikung'uta maji yakabaki kidogo, akaibonyeza juu ya sabuni na kuzungusha. Tulisikia sauti ya kukwaruza. Singa zikapinda, zikasimama, zikapinda, zikasimama. Mzunguko wa kwanza ukatoa kijivu. Ukafuata weupe kidogo pembeni. Kisha, wajukuu zangu, ile sabuni iliyokaa miaka miwili kwenye moshi ikakubali. Povu likaja zito kama tui la kwanza. Pazi akalihamishia kikombeni na kuendelea kuzungusha, likajaa, likapanda juu ya ukingo, likamfunika vidole na kumdondokea miguuni. Halafu vigelegele vikapasuka, nadhani vilisikika ng'ambo ya mto.

Bi Chausiku akachota povu kwa kidole akajipaka puani, akainuka kucheza, na wimbo ukamtoka hapo hapo: "Brashi husifiwa kwa povu, si kwa manyoya!" Wanawake wakaudaka. Kinyozi wa Mkwaja akapiga makofi kuliko wote, naye mkoba ulikuwa ukimponyoka.

Nilinyolewa. Niliwashwa, sitawaficha, mashavu yalikuwa kama yamefagiliwa. Lakini wembe ulipita kwenye povu lile bila kukwama mahali, na sikutoka hata tone la damu. Mwishoni Pazi akaichukua ile brashi ya dukani, akaichovya kwenye poda na kunifuta nywele shingoni, nikasisimka mpaka vidole vya miguu. Kumbe nayo ilikuwa na kazi yake, ila si ile tuliyoinunulia. Tukakimbia msikitini, tukamkuta imamu anapanda mimbari. Alasiri nilikuwa mume wa mtu.

Wakati wa karamu, Mzee Diwani akasimama, na mkononi anao ule mkoba. Hakuhutubia. Alimvisha Pazi begani mbele ya watu wote, akamrekebishia mshipi kama baba angemrekebishia, akarudi kwenye sahani yake. Pazi alisimama pale na mkoba wa baba yake, anacheka na kulia kwa pamoja, hajui aushike wapi.

Bi Mosi akamjia na mikono bado ina harufu ya sabuni. Akaufungua mkoba, ambamo Pazi alikuwa ameshaitia ile brashi ya singa, akaitoa na kuitazama kwa mapenzi, akaipitisha shavuni kama mtaa mzima ulivyofanya kwa ile nyingine. Akaruka.

"Yallah, Pazi! Mbona inachoma hivi?"

Pazi akaichukua taratibu mkononi mwa mama yake, akaibusu, akairudisha ndani ya mkoba.

"Mama," akasema, "brashi husifiwa kwa povu, si kwa manyoya."