Fundi Aliyepewa Pole kwa Msiba Wake

Mwandika "leo" asikose dasta.

Mmenisikia nikimwambia hivyo katibu wenu wa kwaya, mkanigeukia wote: "Baba mdogo, hiyo umeitoa wapi?" Sikuitunga mimi. Ilizaliwa hapa hapa Tukuyu, mbele ya macho yangu, nikiwa na tonge la ndizi mkononi. Kisa chenyewe ndicho hiki.

Palikuwa na fundi cherehani, Subilaga, mshonaji wa majoho ya mahafali ya watoto wa chekechea. Kazi ya majoho si kama mvua yetu ya Tukuyu, hainyeshi mwaka mzima. Ni miezi miwili tu, halafu kimya. Subilaga akataka shule za mbali nazo zimjue. Shemeji yake Anyosisye, mwalimu wa kompyuta, akamwambia, "Shemeji, nikutengenezee tovuti, kurasa tatu tu: wewe nani, unashona nini, unapatikana wapi. Au nikufungulie blogu, uwe unaandika mwenyewe kila mara."

"Blogu," akasema Subilaga. "Hiyo tovuti imekaa kama picha ya kitambulisho, haicheki. Mimi nina maneno mengi."

Kweli alikuwa nayo. "Leo nimeshona majoho sita." "Leo sindano imenichoma." "Leo paka kalalia kofia za wahitimu." Watu wakampenda, oda zikaja mpaka kutoka Makambako. Kwa wingi wa maneno, namba ya simu akasahau kuiweka. Wateja walimwandikia chini ya habari zake, naye akawajibu hapo hapo.

Siku moja akaandika: "Leo naumwa sana. Napelekwa hospitali. Niombeeni."

Ilikuwa malaria. Siku ya nne alikuwa amesharudi kwenye cherehani. Lakini nywila ya blogu ilitoka kichwani pamoja na homa, na kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha, hakuhangaika nayo.

Msimu uliofuata, shule za mbali kimya. Uliofuata tena, kimya. Subilaga akaanza kusema kuna mtu kamroga. Akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, akamwambia mwenye fremu ya duka kuwa mwisho wa mwezi anafunga.

Wiki ile ile, mchana, nilikuwa nakula barazani kwa Mama Gwamaka, ambaye mgahawa wake umepakana na fremu ile. Mara mama mmoja wa makamo akasimama mlangoni kwa Subilaga, kanga kiunoni, uso wa huruma.

"Hodi. Poleni sana na msiba, jamani. Tumechelewa kuja."

Subilaga akaweka mkasi chini. "Karibu, mama. Msiba wa nani?"

"Wa fundi. Mimi ni mwalimu mkuu wa chekechea, Makambako. Alitushonea majoho mazuri mno. Naenda Kyela kwa wakwe, nikasema nisiupite mlango wa marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Subilaga."

"Subilaga ni mimi!"

Mama wa watu alirudi kinyumenyume mpaka kwenye meza yangu. Niliwahi kuokoa bakuli.

Alipotulia akatoa simu. Ile "Niombeeni" ndiyo ilikuwa habari ya mwisho, ipo juu kabisa, na tarehe yake ya miaka miwili nyuma. Chini yake mtu kauliza, "Mbona kimya?" Mwingine, "Au ndiyo katutoka?" Baada ya hapo ni watu arobaini, wote "Pumzika kwa amani, fundi."

Subilaga akasoma rambirambi zake moja moja. "Huyu naye! Alivyokuwa akinisumbua na punguzo, leo naitwa malaika." Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Akafuta machozi. "Kumbe sijarogwa. Nimekufa tu."

Mama Gwamaka akatoka, dasta mkononi. "Mdogo wangu, tazama ukuta wangu. Kibao cha bati kile juu kinasema 'Chakula'. Kina miaka kumi na miwili, sijakigusa, na hakijamdanganya mtu. Huu ubao wa chini unasema 'Leo ndizi nyama'. Huu naufuta kila asubuhi. Nisipoufuta, watu wanapita wakijua nauza viporo. Mwandika 'leo' asikose dasta."

"Sasa mimi," akasema mwalimu mkuu, "nina majoho mia na ishirini ya kushonwa. Ijumaa nikirudi nilikuwa niyapeleke kwa fundi wa Mbeya. Hebu lete futi yako, nikupe vipimo."

Subilaga alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi kichwani.

Jioni akamwita Anyosisye. "Shemeji, nipe ile isiyocheka." Akapewa kurasa tatu, namba ya simu kubwa, na neno "leo" halipo popote. Fremu hakuifunga. Ile nywila nayo ikatafutwa mpaka ikapatikana, na kwenye blogu akaandika mara ya mwisho: "Sikufa. Nifuateni huku."

Basi vijana, blogu si mbaya. Mama Gwamaka angeiweza. Lakini ninyi wanakwaya, ambao tangazo lenu la "Leo mazoezi ya Pasaka" bado lipo mlangoni na huu ni Septemba, nitawaambia lile lile nililomwambia katibu wenu: mwandika "leo" asikose dasta.