Mkawasi Aliyelaza Moto

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jiko.

Jiko likawa na mlinzi.

Mlinzi akawa na moyo.

Basi tupe, tumsikie!

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe Mshai, mpishe mwenzio. Haya.

Hapo kale, kabla ya mabati, nyumba zote za vilima vyetu ziliezekwa kwa nyasi. Nyinyi hamkuzijua. Mvua ikinyesha ilikuwa hainyeshi kwa kelele kama sasa. Ilikuwa inanong'ona tu juu ya paa, nawe unalala. Na asubuhi moshi ulikuwa unapenya katikati ya nyasi taratibu, kijiji kizima kinafuka kama chungu cha uji.

Lakini nyasi ni nyasi. Kiangazi kikifika, cheche moja tu, nyumba imekwenda. Upepo ukivuma, kijiji kimekwenda.

Basi katika kijiji kimoja kilichoitwa Ighoma palikuwa na mwanamke jina lake Mkawasi. Kazi yake ilikuwa kuzima moto. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na mkono wa kushoto una kovu kutoka kiwiko hadi kidole. Hakuwa na maneno mengi. Wanaume walimwogopa, na mbwa pia.

Baragumu likilia, Mkawasi hakuuliza ni kwa nani. Aliacha chakula, aliacha maji ya kuoga, akakimbia. Akifika penye moto alisimama mbele yake, akanyoosha mkono wa kovu, akasema:

"Moto, lala! Moto, lala! Moto, lala!"

Na moto ulilala. Ulishuka kutoka paani kama mbuzi anayerudi zizini, ukamwingia kifuani, ukatulia. Alizaliwa nao uwezo huo, na hakuna aliyejua umetoka wapi.

Ila ulikuwa na sharti. Mama yake alimwambia tangu akiwa mdogo:

"Mwanangu, moto ukikuingia, usikae nao. Nenda mtoni, kumbatia jiwe lililo majini, uutoe. Ukikaa nao utakupasua."

Basi kila alipozima moto alikwenda mtoni akakumbatia jiwe, na mvuke ulipanda mpaka watu wa ng'ambo wakasema, "Leo Mkawasi amefanya kazi."

Na watu wa Ighoma walifanya nini? Walikaa. Baragumu likilia walikunja mikono wakasema, "Mkawasi yupo." Mitungi ilikauka, ikaota buibui. Mkawasi yupo, ya nini kuchota maji?

Sasa, wajukuu zangu, mwanamke huyo mkali alikuwa na siri.

Jioni jua likianza kuegemea, alipanda peke yake kwenye mwamba nyuma ya kijiji. Alikuwa amebakiza kifuani kaa moja, dogo, la kwake mwenyewe. Alilipuliza kiganjani, likawa vipepeo vya moto. Vipepeo vilicheza, viwili viwili, navyo vikimrudia kifuani alikuwa anatabasamu peke yake kama msichana aliyeletewa shanga.

Na alikuwa akimfikiria mtu. Alikuwa akimfikiria Righa.

Righa alikuwa mwezekaji. Hakuna aliyejua nyasi kama yeye. Paa lake halikuvuja miaka saba. Akiwa juu alikuwa anaimba, tena anaimba vibaya, lakini Mkawasi aliona hakuna sauti nzuri kama ile.

Kila siku alipita chini ya paa ambalo Righa analiezeka. Siku moja Righa akainama kutoka juu.

"Dada Mkawasi, mbona unapita huku kila siku, na njia ya mtoni iko kule?"

"Nakagua nyasi zako. Zimekauka."

"Nyasi za kuezekea hukauka, dada."

"Ndiyo maana nazikagua."

Righa akacheka mpaka kamba ikamponyoka. Mkawasi akaenda zake kwa hatua ndefu, uso umemwiva.

Alimpenda, lakini hakumsogelea. Mikono yake ilikuwa ya moto siku zote. Akishika jani linanyauka. Alijiambia, "Mimi moto, yeye nyasi. Nitamsogelea niseme nini?" Na Righa naye alikuwa anaongeza siku kwenye kila paa lililo karibu na nyumba ya Mkawasi. Paa la mama yake Mkawasi, la siku nne, aliliezeka kwa siku kumi na moja. Kijiji kizima kiliona. Wao wawili tu ndio hawakuona.

Basi, juu ya vilima vile, mahali ambapo ukungu hauondoki, paliishi zimwi.

Lilikuwa zimwi kubwa, ngozi yake kama jiwe lenye kuvu, jicho moja linatoa machozi kwa baridi. Lilikuwa linasikia baridi mchana na usiku. Tena nyumba yake ilikuwa inavuja. Kwa hiyo lilikuwa likishuka na kuiba waezekaji, mmoja baada ya mwingine. Mwezekaji akimaliza kazi, zimwi lilimla, ili asije akamwezekea mtu mwingine nyumba nzuri kama yake. Halafu paa likioza, linashuka tena.

Siku moja Righa alikwenda bondeni kukata nyasi. Amefunga mzigo, ameujitwika, anaimba vibaya vile vile. Zimwi likamwinua yeye na mzigo wake, likamtia kwapani.

Jioni ile Mkawasi alipita chini ya paa. Kimya. Akapita mara ya pili. Kimya. Akapita mara ya tatu, akaona ngazi imesimama peke yake.

Akakimbilia bondeni. Akakuta mundu, na nyayo mbili kila moja upana wa ngozi ya ng'ombe. Na nyasi zimedondoka moja moja kuelekea kwenye ukungu.

Wazee wakakusanyika. Mzee Mwakideu, mkuu wa kijiji, akasema:

"Binti yetu, tulia. Moto ukitokea na wewe hupo, tutafanyaje? Huyu ni mwezekaji mmoja tu. Waezekaji wengine wapo."

Mkawasi akamtazama.

"Waezekaji wengine wapo, babu. Righa ni huyu mmoja."

Alfajiri Mkawasi akafunga kaniki kiunoni, akafuata nyasi.

Huko juu, Righa alikuwa paani kwa zimwi. Alikuwa anafunga tita moja, anafungua mawili. Zimwi likaja likauliza:

"Mwezekaji, umemaliza?"

"Bado, bwana mkubwa. Upepo unatoka mashariki, nafunga upande wa mashariki."

Siku ya pili zimwi likauliza:

"Mwezekaji, umemaliza?"

"Bado, bwana mkubwa. Leo upepo umegeuka."

Siku ya tatu zimwi likauliza:

"Mwezekaji, umemaliza?"

Righa akaangalia chini. Nyasi zilikuwa zimekwisha, kamba zimekwisha, uongo nao umekwisha. Akasema:

"Limebaki tundu moja, bwana mkubwa."

"Tundu hilo nitaliziba kwa fupa lako," zimwi likasema. "Shuka."

Hapo ndipo Mkawasi alipotokea kwenye ukungu. Siku tatu za mlima, miguu imechubuka, kaniki imelowa umande.

"Zimwi! Mwache mtu huyo!"

Zimwi likageuka. Jicho lake likamtazama chini mpaka juu.

"Wewe ndiye unayelaza moto. Nimekusikia. Na mimi ninao wangu."

Likaingiza mkono ndani ya nyumba, likatoa kinga cha moto. Ulikuwa moto wa kijani, unawaka bila joto lolote, na ndiyo maana zimwi halikupata kuota hata siku moja.

"Piga hatua moja," likasema, "nakitupa juu."

"Mkawasi, rudi!" Righa akapiga kelele. "Rudi nyumbani!"

Mkawasi hakurudi. Akapiga hatua. Zimwi likakitupa kinga paani.

Nyasi zikashika. Na zilipoonja moto ule, moto ukapata joto, ukawa mwekundu, ukanguruma. Righa akasukumwa mpaka kwenye ukingo. Mbele moto, nyuma genge.

Mkawasi akanyoosha mkono wa kovu. "Moto, lala!"

Moto haukulala. Ulipanda.

Akapiga ukelele mpaka mawe yakaitika. "Moto, lala!"

Moto haukulala. Ulikuwa moto wa zimwi, haukuzoea kuamrishwa na watu. Righa alikuwa anakohoa, hamwoni tena kwa moshi.

Mkawasi akashusha mkono. Hakuwahi kuuogopa moto maisha yake yote, leo ameuogopa. Akafungua mikono yote miwili, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita mtoto aliyepotea:

"Njoo. Umewaka peke yako mno. Njoo kwangu."

Moto ukanyamaza. Ukageuza kichwa. Kisha ukaacha nyasi, ukashuka wote kwa pamoja, ukamwingia.

Lo! Haujapata kumwingia moto kama ule. Kifua kilivimba, jasho lilikauka kabla halijatoka. Alijua lazima autoe, na mto uko siku tatu chini. Akiutoa hapo, Righa ataungua. Akikaa nao, utampasua.

Zimwi likacheka. "Sasa umejiivisha mwenyewe. Nitakula bila kupika." Likanyoosha mikono kumkamata.

Na Mkawasi akaiacha mikono ile imkamate. Tena akalikumbatia zimwi, kifua kwa kifua, kama alivyokuwa akilikumbatia jiwe la mtoni.

Moto ukaanza kutoka.

Mara ya kwanza zimwi likashtuka. Halafu likatulia. Halafu, wajukuu zangu, likafumba jicho lake.

"Ah," likasema. "Joto. Ndilo hili joto?"

"Ndilo hili," akasema Mkawasi.

"Ah. Joto zuri."

Na hapo likapasuka, kama chungu kilichotiwa motoni bila kukaushwa. Vipande vyake vikaviringika genge zima. Mpaka leo mawe yale yapo, na wachungaji huketi juu yake, maana hayawi baridi hata wakati wa kipupwe.

Lakini moto ulitoka wote. Ulitoka wa zimwi, ukatoka wa zamani, likatoka na lile kaa dogo la mwisho.

Righa akashuka, nyusi zimeungua. Akamkuta Mkawasi amekaa chini, anajitazama viganja.

"Umeumia?"

"Umekwisha."

"Nini kimekwisha?"

"Moto wangu. Nauita hauji." Na yule mwanamke mkali, ambaye mbwa walimkimbia, akalia kwa kwikwi. "Righa, nitawafaa nini watu sasa?"

Righa akaketi karibu naye. Akamshika mkono. Hakuungua. Wakakaa hivyo mpaka ukungu ukaanza kupanda, kwa mara ya kwanza, na wakaona kijiji chao kule chini, kidogo, kinafuka.

"Lile paa la mama yako," Righa akasema, "lilikuwa la siku nne."

"Najua. Ulilikalia siku kumi na moja."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Nilikuwa nakagua nyasi."

Wakacheka, na yeye machozi hayajakauka. Wakateremka pamoja.

Mkawasi hakumwambia mtu. Alisema moyoni, labda utarudi. Mwezi ukapita. Haukurudi.

Basi siku moja, adhuhuri, upepo unavuma, baragumu likalia. Nyumba ya Mama Wakio, mjane mwenye watoto wachanga mapacha, inawaka. Watu wakatoka, wakakunja mikono. "Mkawasi yupo," wakasema.

Mkawasi akaja mbio. Akanyoosha mkono. "Moto, lala! Moto, lala! Moto, lala!"

Moto ukaruka paa la pili.

Watu wakamtazama. Yeye akawatazama. Aibu ilimpanda. Angeweza kukimbia, mlima ulikuwa karibu.

"Moto haunisikii tena," akasema kwa nguvu, kila mtu akasikia. "Mnaangalia nini? Mitungi!"

Akajimwagia maji ya kunywesha ndama, akaingia ndani. Righa akapanda paa la jirani, akakata kamba zake mwenyewe, akaporomosha nyasi zake mwenyewe ili moto usipate pa kwenda. Mzee Mwakideu akakimbia na kibuyu, akaanguka, akainuka. Watu walipanga mstari kutoka kisimani, mtungi kwa mtungi, huku buibui wanaelea majini.

Mkawasi akatoka, pacha mmoja huku, pacha mwingine kule, nywele zake zinafuka moshi.

Siku ile ziliungua nyumba mbili. Hakufa mtu. Jioni watu walikaa kwenye majivu, weusi nyuso, wanacheka kama watoto, maana hawakujua kama na wao wanaweza.

Righa na Mkawasi wakaoana mavuno yalipoingia. Mkawasi akabaki mkuu wa wazima moto wa Ighoma miaka arobaini, kwa mitungi, matawi mabichi na sauti yake. Hasira zake hazikupungua. Mbwa waliendelea kumkimbia.

Wakazeeka. Na nyakati nyingine, jua likizama, Mkawasi alikuwa anausogeza mkono karibu na jiko, taratibu, aone kama moto utageuza kichwa. Moto uliendelea kuwaka tu, kama unavyowaka kwa kila mtu.

"Umeukumbuka?" Righa alimwuliza.

"Nimeukumbuka."

Naye Righa alisukuma kuni, akasogea, wakaota pamoja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nilipopunguza niongezeeni, nilipozidisha nisameheni. Funzo lake ni hili: nguvu uliyopewa inaweza kwisha, lakini baragumu likilia, wewe nenda. Na mwenzio akienda, usikunje mikono, beba mtungi.