Njia ya Tatu

Mbio za kukimbizwa hukoma akomapo mkimbizaji. Nimewaambia hivyo kwa sababu nilipoacha kupuliza filimbi nikaenda kuchota maji, mliacha mazoezi mkakaa chini wote. Mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka kwenye uwanja huu huu ninaoufyeka.

Hapa Mbulu, mkimbiaji akifa, njia aliyokuwa akiitumia huachwa hadi iote majani. Veneranda, mkimbiaji wa njia ya tatu, alipofariki, njia hiyo ikaachwa. Msichana mmoja, Basilisa Tluway, akaitaka.

"Tafuta nyingine, binti," kocha Gwandu alimwambia.

"Nyingine zina mawe, kocha. Na marehemu hakimbii."

"Sijasema anakimbia. Nimesema tafuta nyingine."

Hakusikia. Kesho yake alfajiri akaingia njia ya tatu peke yake. Alipofika katikati akasikia viatu vya misumari vikichoma vumbi nyuma yake. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila alama za misumari zilikuwa safu mbili.

Mwingine angehama. Basilisa aliogopa, na kwa woga ule akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia. Akaona faida. Kila alfajiri akarudi, kila alfajiri akafuatwa. Hata kwenye mashindano ya mikoa alisema anavisikia vile viatu. Nchi nzima hakuna mwanamke aliyemweza, akapelekwa Olimpiki. Mama yake aliuza ng'ombe ili ukoo mzima ufanye karamu siku ya medali.

Fainali tuliitazama kwenye televisheni ya parokia. Bunduki ikalia, Basilisa akatangulia. Tulikuwa tumeshasimama kushangilia alipopunguza mwendo na kugeuza shingo, kama mtu aliyeachwa na mwenzake njiani. Wote wakampita.

Aliporudi, kocha alimkuta amesimama kwenye njia ya tatu.

"Ulitafuta nini nyuma?"

"Veneranda. Palikuwa kimya, kocha. Hakuja."

"Aje kufanya nini? Ulidhani anakukimbiza wewe? Yeye yuko kwenye njia yake. Wewe ndiye uliyekuwa mbele yake."

Basilisa alivua viatu palepale, hakuvivaa tena.

Miaka imepita, na njia zote nazifyeka isipokuwa ile. Haijaota jani hata moja. Nani anaikanyaga, sijui, na siji hapa alfajiri kutazama.

Haya, simameni. Naondoka, na filimbi naondoka nayo. Atakayebaki akikimbia nitamjua. Mbio za kukimbizwa hukoma akomapo mkimbizaji.