Ukaguzi wa Nguruwe Mwitu

Tegeni masikio. Mama Tulizo alikuwa katibu wa mabaraza matano ya wawindaji na wavuvi. Ofisa mpya, Bwana Kihwele, akaamuru kila windo likaguliwe ofisini kwake kabla ya kuliwa. Nyama ikaozea foleni, watoto wakalala njaa.

Mama Tulizo akamwendea kwa unyenyekevu. "Mheshimiwa, hata nguruwe mwitu?"

"Hata panzi!"

"Awe mbichi kiasi gani?"

"Mbichi kabisa! Uvundo umenichosha."

"Tumesikia, mheshimiwa."

Siku ya tatu, baraza la kwanza lilimfungulia nguruwe hai humo ofisini. Kihwele akaparamia kabati.

"Muueni!"

"Kabla hujamkagua?" Mama Tulizo alimwuliza dirishani. "Na wengine wanne wako foleni."

Amri ilifutwa kwa saini iliyotiwa juu ya kabati.