Jinsi Zebadia wa Benyamini Alivyozikwa Myahudi

Mmeniuliza kwa nini Maandiko yanawaita watu wale wale mara Waebrania, mara Waisraeli, mara Wayahudi. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa.

Hapo kale jina Myahudi lilikuwa la wachache. Majirani waliwaita wote Waebrania, yaani watu waliovuka kutoka ng'ambo ya mto, kwa kuwa babu yao alifika akiwa mgeni. Wenyewe walijiita Waisraeli, kwa jina alilopewa mjukuu wake aliposhindana na Mungu, akaondoka akichechemea lakini amebarikiwa. Nyumbani, hata hivyo, kila mtu alijitaja kwa kabila lake. Myahudi alikuwa mtu wa kabila la Yuda tu.

Kisha mji wao ukachomwa, wakapelekwa Babeli kuchimba mifereji. Miongoni mwao alikuwamo Zebadia, Mbenyamini, pamoja na mkewe Shelomithi. Zebadia alilipenda mno kabila lake. Wanawe aliwafundisha kutaja mababu saba bila kukosea. Siku moja ukingo wa mfereji ulimporomokea, akafa.

Watu wa Yuda walikuwa wamepewa kipande cha ardhi cha kuzikia. Mnyapara wa Kibabeli aliyesimamia mifereji alimkatalia Shelomithi kumzika mumewe hapo. Alisema marehemu mwenyewe alijitaja kuwa Mbenyamini, na watu hao yeye hawajui. Maiti zisizo na wenyewe, akaongeza, hutupwa kwenye kinamasi. Mama yule akakaa kando ya mumewe, jua likimpanda kichwani, akifukuza nzi kwa upindo wa nguo.

Ndipo akaja Pelatia, mzee wa Yuda, ambaye wanawe wawili walikuwa wamelala katika ardhi ile. Alimwambia mnyapara kwamba aliyekufa ni ndugu yake, Myahudi kama yeye, na asipozikwa hapo hakuna mtu wa Yuda atakayeshuka mferejini. Nyuma yake wanaume walikuwa wamekwisha kuweka majembe chini. Mnyapara akawatazama, akawapisha.

Lakini Shelomithi hakuinuka.

"Mzee wangu," alisema, "umemvua mume wangu jina la baba zake."

Pelatia akachuchumaa karibu naye. "Sijamvua, binti yangu. Nimemfunika kwa langu."

Akamweleza kwamba mama aliyemzaa Yuda, babu wa kabila lake, alikuwa mke asiyependwa. Alipojifungua mtoto wa nne alisema, safari hii nitamshukuru Mungu, na shukrani hiyo ndiyo akaifanya jina la mtoto, Yuda.

"Leo sina shukrani," Shelomithi akajibu.

"Najua. Tutashukuru sisi kwa ajili yako, mpaka siku utakapoweza mwenyewe."

Wakamzika Zebadia, na wanawe wakawataja mababu saba juu ya kaburi, wa Benyamini wote.

Kesho yake mnyapara alimuuliza Shelomithi yeye ni wa watu gani. Akasema, "Mimi ni Myahudi." Mlawi aliyesimama nyuma yake akajibu vivyo hivyo, na mtu wa Simeoni baada yake, ingawa wote wawili hawakuwa wa Yuda.

Na tangu siku hiyo, mtu wa kabila lolote kati yao huitwa Myahudi. Katika sala wangali Israeli, na wakikumbuka safari zao ni Waebrania. Wapo wanaolitamka jina la Myahudi kwa chuki hadi leo, wasijue kwamba kinywani mwao mmetoka neno la shukrani.